Je, Wajua? Kipande cha Ubongo Kinachoonekana Bila Kisu

Je, wajua kwamba ipo sehemu ya ubongo wa mtu aliye hai ambayo daktari anaweza kuitazama bila kupasua wala kuchoma sindano? Ni retina, utando mwembamba uliotandazwa ndani ya jicho kwa nyuma. Mimba ikifikisha kama wiki ya nne, ubongo unaoanza kujijenga huchomoza pande mbili kuelekea nje, kisha ncha zake hubonyea na kuwa retina. Kikonyo kinachobaki katikati ndimo inamopita neva ya jicho, yenye nyuzi zipatazo milioni moja. Kwa hiyo retina ni ubongo wenyewe uliotoka kwenda kuchungulia nje. Mishipa yake midogo ya damu imejengwa kwa namna inayofanana na ile ya kichwani, na maradhi yanayoushambulia ubongo mara nyingi huacha alama zake hapo pia.

Na je, umewahi kujiuliza kwa nini mboni ya mwenzako ni nyeusi wakati nyuma yake kumejaa damu? Ni kwa sababu ukisogea kuchungulia, kichwa chako mwenyewe huzuia mwanga usiingie. Mjerumani Hermann von Helmholtz alilitatua tatizo hilo mwaka 1851, alipotangaza kifaa kinachoufanya mwanga na jicho la mtazamaji vipite mstari mmoja. Nyuma ya ule weusi kukaonekana uwanja wa rangi ya chungwa lililoiva, wenye duara la manjano hafifu pale neva inapoingilia. Kutoka kwenye duara hilo hutawanyika mishipa ya damu: ateri ni nyembamba na nyekundu ya kung'aa, vena ni nene kidogo na wekundu wake umekolea. Kamera za leo za kupiga picha ya nyuma ya jicho bado zinafuata kanuni ileile.

Sasa tuje Ngerengere, mkoani Morogoro, tuyatazame maradhi hayo ya ubongo. Ushuke kwa treni ya Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani, au kwa hii ya SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, ukisimulia habari za bibi anayeuliza jambo moja mara tano kabla chai haijapoa, pengine utajibiwa kwa neno moja tu: uzee. Anatia chumvi mboga mara mbili, anaikosa njia ya shambani aliyoipita tangu utoto, anamwita mjukuu kwa jina la kaka yake aliyekwisha kufa. Uzee. Na katika nchi ya Waluguru jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa ukoo hufuatwa kwa mama, na haki ya ardhi ya ukoo kwa desturi imefuata upande huohuo. Bibi akianza kuchanganya majina, huondoka na ushahidi wa mpaka ulipita wapi na nani alimpa nani shamba lipi.

Kusahau mahali ulipoweka ufunguo ni uzee, nakubali. Kusahau ufunguo ni wa kazi gani ni ugonjwa. Madaktari wanauita dimensia, na chanzo chake kikubwa ni ugonjwa wa Alzheimer, unaobeba kati ya asilimia 60 na 70 ya wagonjwa wote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na dimensia, na zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wale wanaodhani huu ni ugonjwa wa Wazungu wanaoishi miaka mingi, hesabu hiyo inawapinga.

Hata hapa Tanzania pana hesabu. Watafiti wa Kitanzania wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walizunguka vijiji vya Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wakawapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2013: baada ya kurekebisha hesabu kwa umri, asilimia 6.4 walikuwa na dimensia. Katika kila wazee 16 waliokaa kwenye mkeka, basi, mmoja alikuwa mgonjwa, na majirani wakiita uzee.

Ninachokipenda zaidi katika kazi ile ya Hai ni namna walivyopima. Vipimo vya Ulaya humtaka mzee achore saa au aandike sentensi. Umpe kalamu bibi ambaye hakuwahi kukanyaga darasani, atashindwa, nawe utaandika kwamba ni mgonjwa kumbe tatizo ni kalamu. Ndiyo maana kikundi hicho kilitengeneza kipimo chake, kinachojulikana kama IDEA. Mzee anaulizwa daraja ni nini. Anaulizwa leo siku gani, na kiongozi wa kijiji ni nani. Anapewa dakika moja ataje wanyama wote anaowakumbuka. Anasomewa maneno 10, na baadaye anaombwa ayarudie. Kisha mpimaji anapanga njiti za kibiriti mezani kwa mtindo fulani, na mzee anatakiwa apange zake vilevile. Vifaa vyote ni kibiriti na subira. Hapa Ngerengere mhudumu wa afya wa kijiji angeweza kuifanya kazi hiyo chini ya mwembe.

Hata hivyo, kipimo cha maswali humgundua mtu akiwa ameshaanza kupotea. Na kwa ugonjwa wa Alzheimer, uharibifu huanza miaka mingi kabla ya swali la kwanza kukosewa, pengine 15 au 20. Alois Alzheimer mwenyewe alikutana na mgonjwa wake maarufu, Auguste Deter, huko Frankfurt mwaka 1901, lakini madoa ya protini na nyuzi zilizosokotana aliyaona chini ya hadubini mwaka 1906, mama yule alipokwisha kufa na ubongo wake kukatwa vipande. Kwa miongo mingi baada ya hapo uhakika ulipatikana kwa njia hiyohiyo, yaani baada ya mgonjwa kufa. Leo zipo picha za ubongo za PET na upo uchunguzi wa maji ya uti wa mgongo. La kwanza ni ghali mno, la pili linatisha. Hapo ndipo watu walipoanza kukumbuka jicho.

Je, wajua kwamba dalili ya kwanza ya uhusiano huo ilionekana zamani, mwaka 1986? David Hinton, Alfredo Sadun na wenzao huko Marekani walichunguza neva za macho za marehemu 10 waliokuwa na Alzheimer, wakakuta 8 kati yao neva zimepukutika nyuzi. Wakati huo hakukuwa na njia ya kuliona jambo hilo kwa mtu aliye hai. Njia ilikuja mwaka 1991, pale kikundi cha Boston kilipotangaza mashine ya OCT, inayotumia mwanga usioonekana kwa macho kuipima retina tabaka kwa tabaka. Unaweka kidevu kwenye kikalio chake, paji la uso linagusa mkanda, unakodolea kialama chenye mwanga, na kabla hujachoka kukodoa kazi imekwisha. Tabaka la juu la nyuzi za neva, lile linaloelekea kwenye ubongo, kwa mtu mzima mwenye afya lina unene wa wastani wa takriban mikroni 90 hadi 100, yaani moja ya kumi ya milimita au pungufu. Mashine inaweza kugundua tabaka hilo likipungua mikroni chache tu.

Kwa wagonjwa wa Alzheimer, kwa wastani, tabaka hilo limepungua. Kuna lililo zito zaidi ya hilo: mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya watu zaidi ya 32,000 wa makamo na wazee waliopimwa macho na akili. Waliokuwa na tabaka jembamba zaidi walifanya vibaya zaidi katika vipimo vya kumbukumbu, na miaka 3 baadaye uwezekano wao wa kushuka kiakili ulikuwa kama mara mbili ya wenzao.

Kabla hujamshika bibi mkono kwenda naye mjini, soma na hili. Tabaka hilohilo huliwa na presha ya macho, ambayo kwa watu weusi ni nyingi kuliko kwa wengine wengi. Retina huharibiwa na kisukari. Huchakazwa na shinikizo la damu. Mzee mmoja anaweza kuwa na yote matatu, na mashine ikiona wembamba haimwambii daktari mwizi ni nani. Wastani wa watu 32,000 ni kitu kimoja. Jicho la bibi yako ni kitu kingine. Hadi sasa hakuna daktari mwangalifu anayetangaza ugonjwa wa Alzheimer kwa picha ya jicho pekee, na ukimkuta anayeuza huduma hiyo, shika pochi yako.

Je, wajua kwamba manjano ya jikoni yameingia katika kisa hiki? Yale yale tunayotia kwenye pilau la njano na mchuzi wa samaki. Rangi yake inaitwa kurkumini, nayo ina tabia mbili zinazofaa: hunata kwenye protini ya amiloidi, ile inayofanya madoa katika ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, na hung'aa ikimulikwa kwa mwanga maalumu. Mwaka 2011 Maya Koronyo-Hamaoui na wenzake wa hospitali ya Cedars-Sinai, Los Angeles, walieleza kwamba wameyaona madoa ya amiloidi ndani ya retina. Mwaka 2017 wakaeleza jaribio dogo ambalo wagonjwa walio hai walimeza kurkumini iliyotengenezwa kwa namna ya pekee ili ifyonzwe vizuri mwilini, kisha wakapigwa picha za macho. Vijidoa vinavyong'aa vilikuwa vingi kwa wagonjwa kuliko kwa watu wenye afya, takriban mara mbili.

Habari tamu, na kwa mtu anayeishi chini ya milima ya Waluguru inayoteremsha mdalasini, iliki na pilipili manga kila msimu, inavutia maradufu. Lakini maabara nyingine zilipotafuta madoa hayo kwenye macho ya marehemu, baadhi hazikuyaona kabisa, na ubishi haujaisha. Na hata kama wa Los Angeles wako sahihi, manjano pale yalitumika kama rangi ya kupigia picha. Kunywa maziwa ya manjano hakumrudishii mtu kumbukumbu, japo kikombe chenyewe si kibaya.

Haya mengine ni ya akili mnemba. Mwaka 2018 watafiti wa Google walichapisha kazi ambayo ndani yake walifunza kompyuta kwa picha za retina za watu zaidi ya 284,000. Kompyuta ikaweza kukadiria umri wa mtu, kama anavuta sigara, na shinikizo lake la damu likoje. Ikaweza pia kutofautisha jicho la mwanamke na la mwanamume kwa usahihi mkubwa, jambo ambalo hakuna daktari wa macho anayejua kulifanya kwa kutazama. Inaona nini? Wataalamu bado wanakuna vichwa. Huko London, hospitali ya macho ya Moorfields imeunganisha kumbukumbu za macho za wagonjwa zaidi ya 350,000 na kumbukumbu zao za hospitali nyingine, ili kuona ni alama gani za jicho zilitangulia kiharusi, moyo na dimensia. Macho ya kwetu hayako mengi katika hazina hizo. Kompyuta iliyofunzwa kwa macho ya London itahitaji kufunzwa upya kabla ya kumsoma mzee wa Matombo au Mikese.

Na sasa jambo ambalo, kwa maoni yangu, lingepaswa kutangulia kila mazungumzo ya retina na ubongo Afrika Mashariki: kusoma ubongo kupitia jicho si ndoto ya kesho. Limeshafanyika, jirani tu, kwa ugonjwa ambao mtu wa Ngerengere hahitaji kuelezwa.

Malaria kali ikipanda kichwani, mtoto hupoteza fahamu. Daktari anapima damu, anakuta vimelea, anaandika malaria ya ubongo. Shida ni kwamba katika maeneo yenye malaria nyingi watoto wengi hutembea na vimelea bila kuugua, kwa hiyo aliyezimia anaweza kuwa na vimelea kwenye damu lakini anakufa kwa jambo jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Susan Lewallen, daktari wa macho, aliwachunguza watoto wa namna hiyo huko Blantyre, Malawi, akaeleza alama za pekee nyuma ya macho yao: mabaka meupe kwenye retina, madoa ya damu yenye kitovu cheupe, na mishipa ya damu iliyobadilika kuwa ya rangi ya chungwa au nyeupe. Rangi ile ina maelezo yake. Chembe nyekundu zenye vimelea hunasa kwenye mishipa midogo na kuiziba, na kimelea kikiwa ndani kimeshakula himoglobini, kile kinachoipa damu wekundu. Daktari anatazama damu iliyonyonywa rangi.

Mwaka 2004 Terrie Taylor na wenzake walitoa ripoti ya watoto 31 waliofariki Blantyre wakiwa wameandikiwa malaria ya ubongo, ambao wazazi wao walikubali wachunguzwe baada ya kifo. Saba kati yao, karibu robo, waliuawa na kitu kingine kabisa. Katika dalili zote zilizoonekana watoto wakiwa hai, iliyoweza kuwatenganisha ilikuwa moja: zile alama za retina. Umwambie mtu kwamba chombo kidogo chenye taa, kinachoingia mfukoni mwa koti, kiliona ndani ya kichwa vizuri kuliko kipimo cha damu, anaweza asikuamini. Lewallen baadaye alihamia Moshi, ambako yeye na Paul Courtright walianzisha mwaka 2001 kituo cha afya ya macho ya jamii, KCCO, katika mazingira ya hospitali ya KCMC.

Kamera nayo imepungua ukubwa. Daktari wa macho Andrew Bastawrous alikwenda Nakuru, Kenya, kuwafuatilia maelfu ya watu wa miaka 50 na zaidi waliokuwa wamepimwa macho mwaka 2007 na 2008. Kupeleka mashine nzito vijijini, kwenye barabara mbovu na umeme wa kubahatisha, kukawa kazi kubwa kuliko kupima kwenyewe. Yeye na wenzake wakatengeneza kifaa cha kupachikwa kwenye simu, kinachoitwa Peek. Mwaka 2016 wakachapisha ulinganisho uliofanywa kwa watu 1,460 wa Nakuru: picha za kichwa cha neva ya jicho zilizopigwa kwa simu zilikaribiana na zile za kamera kubwa ya mezani. Aliyepiga hakulazimika kuwa daktari wa macho.

Morogoro yenyewe ni mwalimu katika hili la kupima kwa njia za ajabu. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO limefundisha panya buku kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Panya hatoi cheti cha ugonjwa; kazi yake ni kuonyesha sampuli ipi irudiwe maabara. Picha ya jicho, ikifaulu siku moja, itakaa kwenye nafasi hiyo ya panya: kuchuja watu wengi kwa bei ndogo, wachache wenye shaka wapelekwe mbele. Ina mshindani, lakini. Mei 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kipimo cha kwanza cha damu cha kusaidia kutambua Alzheimer, kinachotafuta protini za tau na amiloidi. Damu inaweza kulishinda jicho katika mbio hizi. Faida ya jicho ni kwamba mzee anayepigwa picha kwa ajili ya kisukari, picha yake ipo tayari.

Je, wajua kwamba sisi tumekuwa tukisoma macho ya bibi zetu siku zote, na mara nyingi vibaya? Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu yakihesabiwa kuwa ushahidi. Wekundu ule ni moshi: miaka 50 ya kupuliza moto wa kuni na samadi kavu ndani ya jiko lisilo na dirisha. Ongeza bibi anayetembea usiku bila kujua aendako na kuzungumza na waliokufa, yaani dalili za kawaida za dimensia, na umekamilisha mashtaka. Wekundu wa mbele ya jicho haumwambii mtu lolote juu ya moyo wala akili ya mwenye jicho. Chenye habari kiko nyuma.

Na kukifikia huko nyuma kuna kizuizi kimoja ambacho makala za ng'ambo hukiruka haraka: mtoto wa jicho. Kamera haioni kitu kwenye lenzi iliyoganda ukungu, iwe ya simu au ya milioni mia. Wazee wengi wa vijijini ambao retina zao zingefaa kuchunguzwa hawapigiki picha, kwa sababu hawajafanyiwa operesheni ambayo kwa kawaida huchukua chini ya nusu saa, mgonjwa akiwa macho, jicho likiwa limetiwa ganzi.

Watafiti wa Seattle, Marekani, waliwafuatilia wazee zaidi ya 3,000 wenye mtoto wa jicho au presha ya macho, wakachapisha mwaka 2022 kwamba waliotolewa mtoto wa jicho walipata dimensia kwa kiwango cha chini kwa karibu asilimia 30 kuliko ambao hawakutolewa. Waliofanyiwa operesheni ya presha ya macho hawakuonyesha tofauti hiyo. Ufuatiliaji wa namna hiyo hauthibitishi chanzo, ila mwaka 2024 jopo la jarida la Lancet liliingiza uoni hafifu usiotibiwa katika orodha yake ya mambo 14 yanayochangia dimensia na yanayoweza kuzuilika, pamoja na shinikizo la damu, kisukari, uziwi usiotibiwa na kukosa shule utotoni. Operesheni ya mtoto wa jicho inafanyika Tanzania miaka yote, na bibi wa Ngerengere hana haja ya kusubiri akili mnemba ili apelekwe.